Doris Day na Oscar Ambayo Hakupewa

Doris Day alifariki dunia tarehe 13 Mei 2019 nyumbani kwake Carmel Valley, California, akiwa na umri wa miaka 97. Aliagiza pasifanyike mazishi ya hadhara wala hafla ya kumkumbuka, na kaburi lake lisiwekwe alama yoyote. Filamu yake ya mwisho ilikuwa imetoka mwaka 1968, zaidi ya nusu karne nyuma. Katika miaka yote hiyo ya katikati, wapenzi wa sinema walibishana juu ya jambo moja: je, Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu ya Marekani, ile inayotoa Oscar, ilipaswa kumpa tuzo ya heshima kwa kazi ya maisha yake, ilhali mwenyewe alikwishaipa sinema kisogo na hakuwa tayari kusafiri kwenda kuipokea?

Wapo waliosema amedhulumiwa. Wengine walijibu kwamba hakuna aliyemdhulumu, amejinyima mwenyewe kwa kujifungia. Kulikuwa pia na kundi la tatu, ambalo kwangu ndilo linalostahili kujibiwa kwa kina zaidi, lililosema kwamba filamu zake zilikuwa nyepesi, na kwamba jina lake lilikuzwa na mauzo ya tiketi kuliko na uigizaji. Mimi naamini alistahili tuzo hiyo kwa uigizaji wake tu, hata tukiweka kando umaarufu, wema na umri wake. Na naamini pia kwamba suala la kuhudhuria au kutohudhuria liliingizwa katika hesabu ambayo halikuwa na nafasi ndani yake.

Tuzo ya heshima ya Oscar haishindaniwi. Hakuna orodha ya walioteuliwa wala bahasha ya kufunguliwa jukwaani. Bodi ya Magavana wa Akademia hukaa, hujadili majina na kupiga kura. Vigezo vyake ni mafanikio ya kipekee ya maisha, mchango mkubwa katika sanaa ya filamu, au utumishi uliotukuka kwa Akademia yenyewe. Tangu mwaka 2009 tuzo hizi zimetolewa katika hafla yake ya peke yake, hafla ya Magavana, ambayo hairushwi moja kwa moja kwenye televisheni kama ule usiku mkubwa. Katika hafla ya kwanza, Novemba 2009, miongoni mwa waliotuzwa alikuwa Lauren Bacall.

Kwa muda mrefu tuzo hii imekuwa njia ya Akademia kulipa madeni yake. Cary Grant hakuwahi kushinda Oscar ya ushindani hata moja, akapewa ya heshima mwaka 1970. Barbara Stanwyck aliteuliwa mara nne bila kushinda, akapewa yake mwaka 1982. Deborah Kerr, aliyeteuliwa mara sita, alisubiri hadi 1994. Maureen O'Hara hakuwahi hata kuteuliwa, na bado mwaka 2014, akiwa na miaka 94, alipelekwa jukwaani kwa kiti cha magurudumu akapewa heshima yake. Myrna Loy naye hakuwahi kuteuliwa. Alipewa mwaka 1991. Doris Day aliteuliwa mara moja, kwa filamu ya Pillow Talk ya mwaka 1959, akashindwa na Simone Signoret wa Room at the Top. Kwa hiyo hoja kwamba rekodi yake ya uteuzi ilikuwa nyembamba haina uzito. Kama O'Hara na Loy walistahili, na walistahili kweli, basi kipimo hicho hakiwezi kutumika kumzuia Day.

Kinachobaki ni kazi yenyewe. Hapo sitaki kwenda haraka, kwa sababu wengi wanaobishana juu yake hukumbuka nywele za dhahabu na tabasamu, basi.

Alizaliwa Doris Mary Anne Kappelhoff mjini Cincinnati, Ohio, tarehe 3 Aprili 1922, ingawa mwenyewe aliishi karibu maisha yake yote akidhani ni 1924, hadi cheti cha kuzaliwa kilipofukuliwa mwaka 2017. Ndoto yake ilikuwa kucheza dansi. Oktoba 1937 gari alilokuwemo liligongwa na treni na mguu wake wa kulia ukavunjika vibaya. Akiwa amelazwa ndani kwa miezi, alijifunza kuimba kwa kumsikiliza Ella Fitzgerald redioni. Mwaka 1945, akiwa na bendi ya Les Brown, wimbo wa Sentimental Journey ulimfanya ajulikane nchi nzima, wakati wanajeshi walipokuwa wanarudi makwao kutoka vitani. Alipoingia kwenye filamu mwaka 1948, chini ya Michael Curtiz, hakuwa amesomea uigizaji hata kidogo. Mafunzo yake yalikuwa maikrofoni: kumwimbia mtu mmoja asiyemwona, kwa sauti ya karibu, bila kusukuma. Nadhani asili ya uigizaji wake wote imo humo. Mbele ya kamera Day hasemi kwa ajili ya ukumbi. Anasema kwa ajili ya yule aliye naye.

Mwaka 1955 alicheza Love Me or Leave Me, filamu kuhusu mwimbaji Ruth Etting na mumewe, jambazi wa Chicago, aliyechezwa na James Cagney. Filamu ilipata uteuzi wa Oscar mara sita. Cagney aliteuliwa, Day hakuteuliwa. Ukiitazama leo ni vigumu kuelewa ilikuwaje. Cagney ana sehemu ya kelele: anafoka, anapiga meza, anachechemea huku na huku. Day ana sehemu ngumu zaidi, ya mwanamke anayejua kwamba anamtumia mtu huyu ili apande jukwaani, anayejua pia kwamba siku moja atalipia, na anayeanza kunywa pombe ili asiyafikirie yote mawili. Hakuna machozi ya kutosha humo ya kuwavutia wapiga kura. Uso wake unakuwa mgumu hatua kwa hatua, na nyimbo anazoimba katikati ya filamu zinabadilika rangi kufuatana na uso huo.

Mwaka uliofuata ilitoka The Man Who Knew Too Much ya Alfred Hitchcock, iliyopigwa kwa sehemu mjini Marrakech, Moroko. Day na James Stewart ni mke na mume, yeye mwimbaji aliyeacha jukwaa, mume daktari, na mtoto wao ametekwa. Daktari ameshapata habari. Kabla ya kumwambia mkewe, katika chumba cha hoteli, anamshawishi ameze vidonge vya kutuliza. Anameza bila kuelewa. Halafu anaambiwa. Sekunde chache zinazofuata ndizo ningewaonyesha Magavana wa Akademia kama ningepewa nafasi ya kuwaonyesha tukio moja tu. Uchungu unampanda mama, anataka kuinuka, anataka kukimbia, na hapohapo dawa inaanza kuushika mwili wake, ulimi unalegea, mikono inakosa nguvu. Anapigana na mume na dawa kwa pamoja. Mwigizaji anatakiwa kuonyesha hisia inayopanda na mwili unaoshuka kwa wakati mmoja, na Day anafanya hivyo bila kupiga kelele za kuigiza hata mara moja. Tukio hilo linatisha kuliko risasi yoyote iliyomo katika filamu hiyo, kwa sababu anayemtendea hayo ni mume anayempenda.

Baadaye, katika ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London, kuna mfululizo wa karibu dakika 12 bila neno lolote kusikika kati ya wahusika, okestra tu na kwaya. Mama anajua kwamba muuaji atafyatua risasi matoazi yatakapogongwa. Akipiga kelele, mtoto wake anaweza kuuawa; akinyamaza, mtu mwingine anakufa mbele ya macho yake. Hitchcock anaegemeza mfululizo huo wote juu ya uso wa Day. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wakati wa kupiga filamu hiyo alidhani Hitchcock hakumpenda, kwa kuwa hakuwa akimwambia chochote, hadi alipomwendea na kuambiwa kwamba hakuelekezwa kwa sababu hapakuwa na cha kurekebisha.

Kitu kingine kilitokea Marrakech. Day aliona punda, mbuzi na mbwa waliokonda, waliotumika katika upigaji wa filamu au waliokuwa mitaani, akakataa kuendelea na kazi hadi walishwe. Watayarishaji wakalazimika kuweka mahali pa kuwalisha. Tutarudi kwa wanyama, maana ndio waliokuja kuchukua nafasi ya sinema.

Wanaosema alikuwa mwigizaji mwepesi hukusudia hasa vichekesho vya mapenzi vya miaka ya 1959 hadi 1964, vile vitatu na Rock Hudson na kile kimoja na Cary Grant. Mimi nasema wepesi huo ndio sanaa yenyewe. Vichekesho vinategemea mapigo: neno likichelewa nusu sekunde limekufa. Katika Pillow Talk Day ni Jan Morrow, mpambaji wa nyumba anayejitegemea jijini New York, anayelazimika kugawana laini ya simu na mtunzi wa nyimbo asiyemjua, ambaye kila akiinua mkonga anamkuta akimbembeleza mwanamke mwingine. Skrini imegawanywa katikati, kila mmoja yuko kwake, na inabidi wachezeane bila kuonana. Nusu nzima ya upande wake ni kusikiliza: macho yanavyogeuka, midomo inavyobanwa kabla ya jibu, pumzi anayoivuta na kuikatisha. Mwishoni, akigundua alidanganywa na mtu huyo aliyejifanya mtu wa Texas mwenye haya, analipiza kisasi kwa kazi yake ya mikono: anakubali kumpambia nyumba, kisha anaijaza vitu vya kutisha kutoka kila soko la vitu chakavu. Akademia ilimteua kwa filamu hiyo, na filamu yenyewe ikashinda Oscar ya mswada asilia. Lakini uteuzi wa mwigizaji wa vichekesho kwa kawaida huishia kwenye uteuzi.

Kuna shutuma nyingine inayorudiwa sana, kwamba alicheza mwanamwali mwema daima, kielelezo cha Marekani ya zamani isiyokuwepo tena. Sehemu ya shutuma hiyo ni kweli. Marekani ya filamu hizo ni ya Wazungu wenye pesa, wenye nyumba kubwa na wasaidizi wa ndani, na watu weusi wanaoonekana humo huonekana wakihudumia. Anayezipenda filamu hizo, kama mimi, hana budi kulikubali hilo bila kulipunguza. Lakini kusema wahusika wake walikuwa wanawake wa kukaa tu wakisubiri ndoa ni kutozitazama filamu. Jan Morrow ana biashara yake. Katika Lover Come Back ya 1961 ni mtendaji wa kampuni ya matangazo anayeshindana na mwanaume anayepata wateja kwa pombe na wasichana. Katika Teacher's Pet ya 1958 anafundisha uandishi wa habari, na mwanafunzi wake asiyejulikana ni mhariri mkongwe, Clark Gable. Katika The Pajama Game ya 1957 ni kiongozi wa kamati ya malalamiko ya wafanyakazi katika kiwanda cha nguo za kulalia, wanaodai nyongeza ya senti saba na nusu kwa saa, na anapopendana na msimamizi mpya wa kiwanda anamwambia wazi kwamba mvutano ukija atakuwa upande wa wenzake. Mvutano unakuja, wafanyakazi wanafanya mgomo baridi, naye anakuwa upande wa wenzake. Ni nyota gani mwingine wa wakati ule aliyeongoza mgomo baridi kwenye filamu ya nyimbo na dansi?

Kuhusu tiketi, kura ya kila mwaka ya wamiliki wa majumba ya sinema nchini Marekani ilimweka wa kwanza kati ya nyota wote, wanaume kwa wanawake, mwaka 1960, na tena 1962, 1963 na 1964. Sitaki kuegemea hapo sana, kwa sababu umati wa watu haukufanyi mwigizaji bora. Ila haukufanyi mbaya pia, na waliomdharau walielekea kudhani hivyo.

Sasa kujitenga kwenyewe. Hadithi ya kawaida inamfanya aonekane mtu aliyekimbia kwa majivuno au woga. Ukweli una machungu zaidi. Mumewe na meneja wake, Martin Melcher, alifariki Aprili 1968. Ndipo Day alipogundua kwamba fedha alizochuma kwa miaka 20 zilikuwa zimepotea katika uwekezaji ulioendeshwa na mume huyo pamoja na wakili wao, Jerome Rosenthal, na kwamba alikuwa na madeni. Akagundua pia kwamba alikwishasainishwa mkataba wa kipindi cha televisheni bila kuulizwa. Aliutekeleza mkataba huo: The Doris Day Show ilirushwa na CBS kuanzia 1968 hadi 1973. Alimpeleka wakili mahakamani, na mwaka 1974 hakimu akaamua alipwe zaidi ya dola milioni 22, ingawa alichopata mwishowe kwa maelewano na kampuni za bima kilikuwa kidogo zaidi. Mtu aliyetendwa hivyo na biashara yake mwenyewe, akiamua kuondoka, hana anachodaiwa na yeyote.

Alihamia Carmel. Mwaka 1978 alianzisha taasisi ya kusaidia wanyama, na mwaka 1987 shirika la kupigania sheria za kuwalinda. Mwaka 1985 alirudi kwa muda mfupi kwenye televisheni na kipindi kuhusu wanyama, na mgeni wake wa kwanza alikuwa Rock Hudson, aliyefika akiwa amekonda hadi watu wakashtuka. Miezi michache baadaye Hudson alifariki kwa UKIMWI. Kusema Day alijifungia si sahihi hata kidogo. Alipokea simu za redio, alijibu barua za mashabiki, na kwenye siku zake za kuzaliwa mashabiki walikusanyika Carmel kwa ajili ya kuchangia wanyama. Mwaka 2011 alitoa albamu, My Heart, ikaingia kumi bora Uingereza. Alichokataa ni kimoja: kusafiri kwenda kukaa mbele ya kamera avae nguo ya usiku na apigiwe makofi kwa ajili ya maisha aliyoyaacha. Aliogopa ndege pia, na hilo nalo lisidharauliwe.

Hivyo mwaka 2004 alipopewa na Rais George W. Bush Nishani ya Rais ya Uhuru, heshima kubwa kuliko zote za kiraia nchini Marekani, hakwenda Ikulu, na bado alipewa. Mwaka 2008 alipewa tuzo ya Grammy ya mafanikio ya maisha, hakwenda. Mwaka 2011 chama cha wahakiki wa filamu wa Los Angeles kilimtuza kwa kazi yake yote, hakwenda. Kwa upande mwingine zipo heshima kama ile ya Kennedy Center ambayo ina sharti linalojulikana kwamba mtuzwa awepo ukumbini. Kwa mtu kama Day sharti hilo ni sawa na kufungiwa nje.

Nawaelewa wanaotaka mtuzwa awepo. Kwetu pwani, katika taarabu, anayetuzwa yuko mbele yako. Unainuka kitini, unakwenda hadi jukwaani huku ukicheza taratibu, unampa mkononi, na wote wanaona. Furaha ya kutuza imo katika kukutana. Na historia ya Oscar ina usiku mmoja unaothibitisha hivyo kuliko hoja yoyote: Aprili 1972, Charlie Chaplin, aliyeondoka Marekani mwaka 1952 akafungiwa mlango nyuma yake, alirudi akiwa mzee wa miaka 82 kupokea tuzo ya heshima, na ukumbi mzima ukasimama ukimpigia makofi kwa dakika nyingi. Hakuna barua wala video ambayo ingeweza kufanya kazi ya makofi yale. Anayesema uwepo hauna maana hajatazama picha za usiku ule.

Lakini Chaplin alitaka kurudi. Alikuwa na jeraha, na mji uliomjeruhi ulikuwa na jambo la kumwambia ana kwa ana. Kumfanya Chaplin kuwa kipimo cha wote ni kugeuza zawadi ya mtu mmoja kuwa kodi kwa wengine. Akademia yenyewe ilishalijua hilo zamani. Greta Garbo, mtawa wa watawa wote wa sinema, aliacha kuigiza mwaka 1941 akiwa na miaka 36, akaishi New York bila mahojiano wala kurudi kazini. Katika sherehe ya mwaka 1955 Akademia ilimpa Oscar ya heshima. Hakutokea, mwigizaji Nancy Kelly aliipokea kwa niaba yake. Myrna Loy mwaka 1991 alishukuru kwa sentensi fupi kupitia setilaiti akiwa katika nyumba yake Manhattan. Jean-Luc Godard alipewa mwaka 2010, naye hakwenda. Katharine Hepburn alishinda Oscar nne za ushindani na hakwenda kuchukua hata moja. Wakati Day akiwa hai, kila mfano uliohitajika ulikuwapo tayari katika kumbukumbu za Akademia hiyohiyo.

Inabaki hoja moja, na ndiyo nzito kuliko zote: kwamba huenda yeye mwenyewe hakuitaka. Imeandikwa mara nyingi kwamba alidokezewa na akakataa, kwa kuwa sinema ilikuwa imebaki nyuma yake. Tuchukulie ni kweli. Je, taasisi imtuze mtu asiyetaka kutuzwa?

Watu wengi hapa hujibu upesi kwamba hapana, na wanasema ni heshima kwake. Mimi nadhani wanachanganya mambo mawili. Mtu ana haki kamili ya kukataa sherehe, hotuba, sanamu, zulia, na hata kukataa kutaja tuzo hiyo maisha yake yote. Haki hiyo isiguswe. Lakini uamuzi kwamba kazi fulani ni kubwa si mali ya aliyeifanya. Ni kauli ya taasisi kuhusu historia ya sanaa yake, na taasisi inaitoa kwa ajili ya vizazi vitakavyosoma orodha hiyo na kwenda kutafuta filamu. George C. Scott alitangaza mapema kwamba haitaki Oscar; mwaka 1971 wakampa kwa ajili ya Patton, akakaa kwake, na hadi leo jina lake limo katika orodha ya washindi. Hakudhulumika. Peter O'Toole aliandika kuomba tuzo yake ya heshima iahirishwe kwa kuwa bado alitumaini kushinda ya kawaida. Akademia ikashikilia uamuzi wake, naye akaja kuipokea mwaka 2003. Kwa Day njia ilikuwa nyepesi kuliko hizo zote: kutangaza jina, kuonyesha vipande vya filamu zake, kumpelekea sanamu Carmel au kuihifadhi, na kutomdai chochote, hata shukrani.

India inatoa mfano wa upande wa pili. Suchitra Sen, malkia wa sinema ya Kibengali, ambaye watazamaji wa Kihindi wa Afrika Mashariki walimjua kupitia Devdas ya 1955 akiwa na Dilip Kumar na baadaye Aandhi ya 1975, alijiondoa kabisa mwaka 1978 na kuishi Kolkata bila kuonekana hadharani hadi alipofariki Januari 2014. Habari zilizoenea ni kwamba mwaka 2005 alikuwa apewe Tuzo ya Dadasaheb Phalke, kilele cha heshima za filamu nchini humo, lakini sharti lilikuwa kwenda Delhi kuipokea kwa mkono wa Rais, naye hakutaka kutoka nyumbani. Tuzo ikaenda kwa mwingine. Orodha ya Phalke, iliyoanza mwaka 1969 kwa kumtuza Devika Rani, leo ina pengo ambalo kila Mbengali analiona. Mwaka 2012 serikali ya West Bengal ilimpa Banga Bibhushan, na binti yake Moon Moon akaipokea. Hakuna kilichoharibika. Jimbo liliweza kilichoishinda nchi, kwa sababu tu lilikubali mkono wa mtu mwingine.

Kwa desturi tuzo ya heshima ya Oscar hutolewa kwa walio hai, hivyo kwa Day jambo hilo limekwisha na kosa limebaki kuwa kosa. Ila halikuwa kosa la aina yake peke yake, na hapa ndipo mjadala huu unapohitaji kuhama kutoka kwa marehemu.

Kim Novak alizaliwa Februari 1933. Katika Vertigo ya Hitchcock ya mwaka 1958 alicheza mwanamke anayecheza mwanamke mwingine, na mwaka 2012 kura ya wahakiki ya jarida la Sight and Sound iliitaja filamu hiyo kuwa bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Hakuwahi kuteuliwa kwa Oscar hata mara moja. Aliondoka Hollywood akaenda kuishi Oregon, akichora na kufuga farasi. Machi 2014 alishawishika kurudi jukwaani kwenye sherehe ya Oscar kutangaza washindi wa filamu za katuni, na usiku huohuo mitandao ikajaa kejeli juu ya uso wake, uso wa mwanamke wa miaka 81. Baadaye aliandika barua ya wazi kupinga uonevu huo. Anayeuliza kwa nini nyota wa zamani hawataki kutoka nyumbani ana jibu lake hapo.

Tamasha la Venice lilimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake mwaka 2025, naye akaenda kuichukua tuzo hiyo. Katika hafla ya Magavana ya Novemba mwaka huohuo jina lake halikuwemo kati ya waliotuzwa na Akademia. Bodi hukutana kila mwaka. Inachohitaji ni kukaa chumbani, kuitazama Vertigo tangu mwanzo hadi mwisho, kupiga kura, kisha kumwandikia kwamba tuzo ni yake, aje au asije.